Nani Apigiwe Hodi Kabla ya Kupunguza Mwanga wa Jua?

Je, mtu anaweza kuwa na haki ya kupunguza mwanga wa jua unaomfikia mtu mwingine? Lau babu zetu wangeulizwa swali hili wangelipokea kama kitendawili, wakacheka, kisha wakampa muulizaji mji. Leo si kitendawili tena. Wapo wanasayansi wanaopendekeza kwamba ndege ziruke juu sana na kumwaga salfa hewani, ili sehemu ndogo ya mwanga wa jua irudishwe angani kabla haijatufikia, na dunia inayozidi kupata joto ipoe kidogo. Paul Crutzen, mkemia wa Uholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1995, aliandika mwaka 2006 kwamba njia hii inastahili kuchunguzwa iwapo mataifa yatashindwa kupunguza moshi wao. Tangu hapo jambo hili limetoka kwenye majarida ya wataalamu likaingia kwenye mikutano ya serikali.

Mimi ninasomea ualimu wa Kiswahili na Jiografia, na nyumbani kwetu ni Kisoro, pembe ya kusini-magharibi ya Uganda. Sayansi ya sayari tulifundishwa mwaka wa kwanza kwa wiki chache tu, lakini ndiyo iliyonifanya nione kwamba mjadala huu hauwezi kuamuliwa kwa hisia. Wapo wanaosema jua ni la Mungu, binadamu asiliguse, na wakaishia hapo. Wapo wanaosema sayansi ilitokomeza ndui, kwa nini isitokomeze joto, nao wakaishia hapo. Pande zote mbili zinaruka hatua moja: kuuliza mwanga hufanya nini ukishafika. Kwa hiyo msomaji anivumilie kwa hesabu kidogo.

Juu kabisa ya angahewa, kila mita moja ya mraba inayolitazama jua moja kwa moja hupokea nishati ya takriban wati 1361, karibu sawa na pasi ya umeme iliyowashwa. Lakini dunia ni tufe. Wakati wowote nusu yake iko gizani, na sehemu kubwa ya nusu ya pili hupigwa na miale iliyoinama. Ukigawanya nishati hiyo kwa uso wote wa dunia, mchana na usiku, ncha na ikweta, unabaki na wati 340 hivi kwa kila mita ya mraba. Kati ya hizo, karibu asilimia 30 hurudishwa angani na mawingu, barafu na mchanga wa jangwani bila kupasha kitu chochote joto. Tazama paa la mabati mapya saa saba mchana: linakuumiza macho kwa sababu mwanga umekataliwa kuingia. Wati 240 zinazobaki ndizo zinazoingia.

Kilichoingia lazima kitoke, la sivyo joto lingejilimbikiza bila kikomo. Dunia huitoaje nishati hiyo? Kwa kung'aa. Darasa zima lilicheka mwalimu aliposema kwamba hata sisi tuliokaa pale tunang'aa, lakini ndivyo ilivyo. Kila kitu hutoa mwanga kulingana na joto lake. Uso wa jua una nyuzijoto 5500 hivi, ndiyo maana mwanga wake tunauona. Chuma cha mhunzi kikianza kupoa hugeuka chekundu, kisha cheusi, lakini usikiguse: bado kinatoa mwanga, ila wa aina ambayo jicho haliuoni na kiganja kinauhisi. Mwanga huo huitwa infraredi, na dunia yetu hung'aa kwa mwanga huo usiku na mchana.

Sasa, kitu kinachotoa wati 240 kwa kila mita ya mraba kinatakiwa kuwa na baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Wastani wa dunia, hata hivyo, ni nyuzi 15 hivi juu ya sifuri. Tofauti hiyo ya nyuzi 33 ni kazi ya mvuke wa maji, kaboni dioksidi na gesi nyingine chache ambazo huuruhusu mwanga wa jua kupita lakini huinasa infraredi inapotaka kutoka. Mwezi uko umbali ule ule kutoka kwenye jua, lakini hauna blanketi hilo: mchana joto lake hupita nyuzi 100, na usiku hushuka hadi zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri. Kwa hiyo blanketi si adui. Bila hilo hakuna maharage, hakuna mwandishi, hakuna msomaji. Shida ni unene. Kabla ya enzi ya viwanda, kaboni dioksidi ilikuwa sehemu 280 katika kila sehemu milioni za hewa; sasa zimepita 420.

Hapo pendekezo linaeleweka. Blanketi likiwa zito, unaweza kulipunguza, au unaweza kuliacha lilivyo na kufungua mwavuli. Mwavuli wenyewe hauhitaji kuwa mkubwa. Kuzuia asilimia moja au mbili tu ya mwanga kungeshusha joto kwa kiasi cha kuonekana. Tumewahi kuona mfano wake. Tarehe 15 Juni 1991 mlima Pinatubo nchini Ufilipino ulilipuka na kurusha juu takriban tani milioni 15 hadi 20 za salfa dioksidi. Gesi hiyo iligeuka matone madogo mno ya asidi, yakasambaa duniani kote, na kwa mwaka mmoja na zaidi wastani wa joto la dunia ulishuka kwa karibu nusu ya nyuzi.

Sisi wa Kisoro salfa tunaijua kwa njia nyingine. Usiku usio na mawingu, wekundu wa Nyiragongo au Nyamulagira huonekana ng'ambo ya mpaka wa Congo, na milima hiyo miwili ni miongoni mwa vyanzo vikubwa kabisa vya salfa dioksidi duniani. Hata hivyo haijaipoza dunia, kwa sababu moshi wake kwa kawaida haufiki juu vya kutosha. Baada ya siku chache mvua huusafisha na kuurudisha ardhini. Vijiji vilivyo magharibi ya Nyiragongo, ambako upepo huupeleka moshi mara nyingi, hukinga mvua yenye asidi na kuona mazao yakiungua shambani. Tabaka linalotafutwa na wenye ndege liko kilomita 20 hivi kutoka ardhini, juu ya mvua na mawingu, na huko salfa hukaa mwaka mmoja au miwili. Nataja hili kwa sababu mtu akiniambia salfa ni dawa, nakumbuka kwamba kwa majirani zetu tofauti ya dawa hiyo na sumu ni kimo tu.

Lakini je, mwavuli hulifuta blanketi? Hapana, na sayari inayotufundisha hilo ni Zuhura, ile ing'aayo magharibi jioni au mashariki alfajiri. Zuhura iko karibu zaidi na jua na hupokea karibu mara mbili ya mwanga tunaoupata sisi. Imefunikwa na mawingu mazito, na mawingu hayo ni ya asidi ya salfa, kitu kile kile ambacho wenye ndege wanataka kutuwekea juu. Yanarudisha karibu robo tatu ya mwanga wote. Ukipiga hesabu utaona jambo la kushangaza: nishati inayoingia Zuhura, kwa kila mita ya mraba, ni ndogo kuliko inayoingia duniani. Pamoja na hayo uso wake una joto la zaidi ya nyuzi 460, linaloyeyusha risasi. Hewa yake ni kaboni dioksidi karibu tupu, na uzito wake ni kama mara 90 ya uzito wa hewa yetu.

Sisemi kwamba dunia itakuwa Zuhura. Haitakuwa hivyo kwa moshi wa magari yetu, na wanaotisha watu kwa mfano huo wanaharibu hoja nzuri. Ninachosema ni kwamba Zuhura ina mwavuli wa salfa kuliko wowote tutakaoweza kuujenga, na bado blanketi limeshinda. Mwavuli hufanya kazi palipo na jua. Blanketi hufanya kazi mchana na usiku, kiangazi na masika, hata kule kwenye ncha ambako majira ya baridi hupita miezi bila jua kuchomoza. Kaboni dioksidi inayoyeyuka baharini na kuongeza asidi ya maji haijui kama kuna mwavuli. Mtu mwenye homa akimwagiwa maji baridi atapoa, lakini vijidudu vyake havijaambiwa chochote.

Kisha kuna mvua. Nguvu inayoinua mvuke kutoka baharini na mashambani ni mwanga unaofika chini. Ukiurudisha wastani wa joto mahali pake pa zamani kwa kupunguza mwanga, wastani wa mvua hushuka chini ya ule wa zamani. Mwaka uliofuata mlipuko wa Pinatubo, mvua juu ya nchi kavu na maji ya mito duniani vilipungua kwa kiasi cha kupimika. Na mvua haipungui kwa usawa. Kwetu Afrika Mashariki mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba huja kwa sababu ukanda wa mvua hulifuata jua, ukivuka ikweta kwenda kaskazini na kurudi kusini. Ukanda huo hupenda upande wenye joto zaidi. Upoze kaskazini pekee, utausukuma kusini. Hili nalo limewahi kutokea: utafiti mwingi unaonyesha kwamba moshi wa salfa kutoka viwanda vya Ulaya na Amerika Kaskazini, kwa kuupoza upande wa kaskazini, ulichangia ukame ulioua watu na mifugo katika Sahel miaka ya 1970 na 1980. Mchungaji wa Mali hakuwahi kuliona bomba la kiwanda. Alichoona ni wingu ambalo halikuja.

Hapa ndipo mwalimu wa fizikia anapomkabidhi chaki mwalimu wa maadili. Takwimu zote za watetezi wa mwavuli ni za wastani: wastani wa joto, wastani wa mvua, wastani wa hasara. Lakini wastani haulimi, wala haulali njaa. Wanaolima na kulala njaa ni watu wenye mahali, na mahali pao pakikosa mvua, hakuna hesabu ya dunia nzima itakayowalipa.

Katika utamaduni wetu kabla ya kuingia nyumbani kwa mtu unapiga hodi. Hata kama mlango uko wazi. Hata kama umeleta zawadi. Hodi haipigwi kwa sababu mgeni ni mwizi. Inapigwa kwa sababu mwenye nyumba ndiye anayejua kama mtoto amelala, kama kuna msiba, kama zawadi hiyo inaweza kupokelewa leo. Daktari mzuri naye hupiga hodi kwenye mwili wa mgonjwa: anamweleza, anamwacha aamue. Swali langu basi si kama salfa itapoza dunia. Itapoza. Swali ni hodi inapigwa wapi pale nyumba inayoingiwa ni ya watu bilioni nane.

Katika majaribio yaliyokwisha kupangwa hodi imekuwa hafifu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walipanga mwaka 2021 kurusha puto karibu na Kiruna, kaskazini mwa Sweden, ili kujaribu vifaa vyao tu, bila kumwaga chochote. Baraza la Wasami, wenyeji wafugao kulungu wa baridi, lilipinga likisema hawakuulizwa. Safari hiyo ikasimamishwa, na mwaka 2024 mradi wenyewe ukafungwa. Mwaka 2022 kampuni changa ya Marekani iitwayo Make Sunsets ilirusha maputo yenye salfa dioksidi huko Baja California, Mexico. Mwezi Januari 2023 serikali ya Mexico ilitangaza kwamba itapiga marufuku majaribio hayo, na moja ya sababu ilizotoa ni kwamba hapakuwa na taarifa wala ridhaa. Kiasi cha salfa kilikuwa kidogo sana, hakingeweza kumdhuru hata panzi. Lakini hoja ya Mexico haikuwa ya kiasi. Mgeni aliyeingia bila hodi na kuondoka bila kuiba bado ameingia bila hodi.

Afrika nayo imesema. Agosti 2023 mawaziri wa mazingira wa bara letu walipokutana Addis Ababa walitaka kuwe na utaratibu wa dunia wa kutotumia njia hii. Mwaka 2024, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipokutana Nairobi, Uswisi ilileta pendekezo kuhusu jambo hilo na nchi hazikukubaliana, pendekezo likaondolewa. Nilifurahi kwamba sauti ya Afrika ilisikika. Lakini niliwauliza watu nyumbani kama wamewahi kusikia habari hizi, na hakuna aliyewahi. Waziri akipokea hodi kwa niaba ya kijiji ambacho hakijui kuna mgeni mlangoni, tumepiga hatua, ila bado hatujafika.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo naiona nzito. Wanaoiunga mkono salfa husema: mnazungumzia ridhaa, lakini nani aliomba ridhaa kabla ya kuchoma makaa ya mawe? Blanketi lilinenepeshwa bila hodi. Binadamu tayari ameshika nishati ya sayari kwa mikono miwili. Kinachopendekezwa ni aishike kwa akili. Dawa ya moto ni moto.

Ni kweli kwamba hodi haikupigwa. Ni kweli pia kwamba haikukosekana kwa sababu ya ujinga mtupu. Mwaka 1856 Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, alionyesha kwa mitungi ya kioo kwamba kaboni dioksidi hupata joto juani kuliko hewa ya kawaida. Mwaka 1859 John Tyndall alipima jinsi gesi zinavyonasa miale ya joto. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alipiga hesabu kwa mkono akaonyesha kwamba kaboni dioksidi ikiongezeka, dunia itapata joto. Sayansi ilikuwepo kabla babu zetu hawajaona gari. Lakini kutoka katika kosa hilo huwezi kutoa ruhusa. Aliyenimwagia maji sebuleni bila kuniuliza hajapata kwa kitendo hicho haki ya kuingia chumbani kuyapangusa. Zaidi ya hapo, moshi ni mabaki ya kazi nyingine: mtu alitaka treni, akapata treni na moshi. Mwavuli unakusudiwa. Atakayeufungua atakuwa ameamua joto liwe kiasi gani na lipungue wapi, na ukame ukija baada yake hataweza kusema ni bahati mbaya. Atashtakiwa hata kwa ukame ambao hakuusababisha, kwa kuwa hakuna atakayeweza kutenganisha wa asili na wake. Sijui kama watetezi wamewaza jinsi majirani wawili wenye mabomu watakavyozungumza baada ya mafuriko.

Hoja ya pili niliisikia kwa rafiki yangu anayetoka Karamoja, na hiyo haikutoka kwenye kitabu. Tulikuwa tunabishana bwenini. Nilipomaliza maneno yangu yote ya hodi na ridhaa, alinijibu: "Ndugu yangu, wewe unatoka mlimani, mvua inakufuata mpaka jikoni. Kwetu ng'ombe anakufa amesimama. Ukiniambia kuna kitu kinaweza kupunguza joto ndani ya miaka miwili, halafu ukaniambia tusikitumie kwa sababu hatujajadiliana vizuri, utanisamehe, lakini hiyo ni falsafa ya mtu aliyekula."

Sina budi kusema ukweli: amenigusa. Kumnyima mtu dawa kwa sababu fomu haijajazwa ni ukatili. Na joto halisubiri: barafu ya milima yetu ya Rwenzori ilikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba 6.5 hivi mwaka 1906, na kufikia mwaka 2003 ilikuwa chini ya moja. Lakini hebu tuangalie anachoahidiwa mtu wa Karamoja. Anaahidiwa joto pungufu. Hakuahidiwa mvua. Kinachoua ng'ombe wake ni joto pamoja na ukosefu wa mvua, na dawa hii inaweza kulipunguza la kwanza huku ikiongeza la pili, au isiongeze, kutegemea ndege zimerukia wapi na kiasi gani. Hakuna anayeweza kumwekea sahihi kwamba upande wake hautakuwa ule wa hasara.

Hata kama sahihi hiyo ingepatikana, kungebaki jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Salfa hukaa juu mwaka mmoja au miwili. Kaboni dioksidi, sehemu yake, hukaa mamia na hata maelfu ya miaka. Maana yake ni kwamba mwavuli ukifunguliwa juu ya blanketi linaloendelea kunenepa, hauwezi kufungwa. Lazima ndege ziruke mwakani, na mwaka unaofuata, na kila mwaka, chini ya serikali zozote, katika vita vyovyote. Zikisimama kwa sababu ya mdororo wa uchumi au mapinduzi, joto lote lililokuwa limezuiwa hurudi kwa kishindo ndani ya miaka michache, haraka kuliko mimea na watu wanavyoweza kuzoea. Mtoto atakayezaliwa mwaka 2090 atakuta ameajiriwa kazi ya kushika mwavuli, na akiacha kazi watu watakufa.

Kwetu Kisoro mashamba ni vipande vidogo juu ya miinuko, viazi hapa, maharage pale, na kila mtu anajua aibu ya baba anayeweka shamba rehani kisha akafa, akawaachia watoto deni wasilolila. Tunasema dawa ya deni ni kulipa. Hatusemi dawa ya deni ni kukopa tena kwa jina la mtoto aliye tumboni. Mtu huyo hawezi kuitikia hodi yetu. Hawezi kusema karibu, hawezi kusema nenda zako. Na pale mwenye nyumba asipoweza kujibu, nadhani mgeni mwenye adabu hubaki nje, isipokuwa nyumba inaungua.

Watetezi watasema nyumba inaungua. Basi na tukubali kwa muda. Nyumba ikiungua unaingia bila hodi, unazima moto, unatoka. Kuna sharti ndani yake: kuingia huko kuna mwisho. Kwa hiyo mimi sifungi mlango kabisa. Naweza kufikiri hali ambayo mwavuli ungekubalika: mataifa yameshaacha kuchoma makaa na mafuta, kaboni dioksidi imeanza kushuka, na inabakia miaka michache ya hatari ambayo watu walio hai sasa wataibeba wenyewe na kuimaliza wenyewe kabla hawajafa. Mwavuli wa namna hiyo una tarehe ya mwisho na wenye kushika mpini wanajulikana. Utafiti wa kompyuta na wa kuchungulia volkano sina ugomvi nao. Ningependa hata watafiti wa Afrika wawe wengi zaidi ndani yake, kwa sababu anayepiga hesabu ya mvua ya Karamoja akiwa Karamoja atauliza maswali mengine. Ninachokataa ni mwavuli wa leo, unaopendekezwa wakati moshi wa dunia bado haujaanza kupungua kwa maana, kwa kuwa huo haununui muda wa kulipa deni. Unanunua muda wa kutolipa.

Rafiki yangu hakuridhika. Aliniuliza: "Na wakati mnasubiri hiyo tarehe ya mwisho, mimi nifanye nini?" Nilimwambia kwamba kuna deni jingine, dogo zaidi, ambalo halihitaji ndege wala salfa: visima, mabwawa, mbegu zinazostahimili ukame, utabiri wa mvua unaomfikia mchungaji kwa simu yake na kwa lugha yake. Mwaka 2009, Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kwamba kufikia mwaka 2020 zitakuwa zinatafuta dola bilioni 100 kila mwaka kuzisaidia nchi maskini kwa mambo ya tabianchi. Kwa hesabu za shirika la nchi hizo hizo tajiri, OECD, kiwango hicho kilifikiwa kwa mara ya kwanza mwaka 2022, miaka miwili baada ya muda wake, na sehemu kubwa ilikuwa mikopo. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama hao walioshindwa kufika kwa wakati kwenye ahadi ya miaka kumi na moja ndio hao hao watakaokabidhiwa mpini wa mwavuli kwa miaka mia mbili. Nikamwambia, kwa jinsi ninavyoona, hakuna wengine wenye ndege hizo.